Ndege Aliyeachwa kwa Dada

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile sikio lililoharibiwa na mashine ya kupasua mbao lisiwe linakusumbua kuliko kawaida. Najua simu inakuudhi, ndiyo maana nimenunua karatasi. Huku hatujambo. Mama alihamia kwangu mwezi uliopita baada ya kuanguka bafuni. Nyonga inapona, anatembea kwa fimbo, na anagombana na fimbo hiyo kutwa. Mimi bado niko duka la miwani. Nakata vioo vya wenzangu tangu asubuhi hadi jioni, na sasa macho yangu mwenyewe yanadai vioo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Nikienda kazini, mama anabaki peke yake ghorofa ya tatu. Redio ameizima; anasema watangazaji wa siku hizi wanapiga kelele kama wanauza sufuria. Nataka kumnunulia ndege, iwepo sauti nyingine ndani ya nyumba. Sijawahi kufuga hata kuku. Nilipomwambia, hakukubali wala hakukataa. Akasema, "Kama ni habari za ndege, muulize mjomba wako."

Sikuwa nimemsikia akikutaja tangu nilipoanza kazi, miaka tisa sasa. Najua hamsemeshani tangu nikiwa na miaka minne, na kila nikiuliza sababu napewa vyombo vya kuosha. Sitakuficha: naandika kwa ajili ya ndege, na naandika kwa ajili yenu pia. Kati ya watoto wa bibi mmebaki wawili tu. Mama alipoanguka alipiga nyonga. Angeweza kupiga kichwa, na mngeishia hivyo hivyo.

Basi nieleze, Mjomba: nichukue ndege gani, nimweke wapi, nimlishe nini? Na kama mikono yako bado inakubali, ungenitengenezea tundu la mbao?

Mpwa wako


24 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na stempu imebandikwa kichwa chini. Mtu anayekata vioo vya miwani hapaswi kubandika hivyo.

Mimi ni mzima. Karakana anaiendesha mwanangu, naye siku hizi anatengeneza makabati kwa mbao zilizoshindiliwa kutokana na vumbi la mbao. Ukizimwagia maji zinavimba kama mkate. Anasema wateja hawajali. Namwachia ajue mwenyewe. Pole kwa mama yako.

Sasa ndege. Jiulize kwanza kama unaweza. Kasuku mdogo akitunzwa vizuri hufika miaka minane na zaidi. Si ua la kununua leo na kutupa Jumatatu. Chukua kasuku mdogo, ni mgumu kidogo na hucheka na mtu. Usichukue kanari.

Nenda dukani asubuhi, ndege wanapochangamka. Simama mbali kidogo, wala usitie kidole ndani. Utamwona mmoja amejikunyata pembeni, manyoya ameyavimbisha kama aliyevaa koti, na nje ni jua kali. Muuzaji atakuambia huyo ni mpole. Si mpole, ni mgonjwa. Mtafute mwenye macho makavu, pua safi na mkia usio na uchafu chini yake, anayekula na kugombana na wenzake.

Tundu liwe pana kuliko urefu wake, kwa sababu ndege huruka kwenda pembeni, hapandi juu kama lifti. Nafasi kati ya waya isipitishe kichwa chake. Litundike usawa wa macho yako, mgongo wa tundu ukutani, mbali na jiko. Vijiti vya kutulia visilingane unene, la sivyo miguu itaota vidonda. Mtama na uwele ni chakula cha msingi, lakini asile hivyo peke yake. Mpe majani mabichi yaliyooshwa. Parachichi ni sumu kwake, na chumvi usimwonjeshe. Maji yabadilishwe kila asubuhi, hata yakionekana safi.

Wiki ya kwanza usimshike. Kaa karibu naye, fanya kazi zako, umwache akuzoee. Mgeni ni yeye, lakini anayepimwa ni wewe.

Tundu silitengenezi. Nunua la chuma.

Kuhusu mimi na mama yako hukuniuliza swali, kwa hiyo sina la kujibu.

Mjomba wako


15 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Stempu ya safari hii nimeipima kwa rula. Mama amepunguziwa dawa, na juzi alishuka ngazi hadi chini, akapanda mwenyewe, kisha akalaumu ngazi. Kazini tumepata mashine mpya ya kusugulia vioo. Inaongea kuliko mimi.

Ndege tunaye. Nilikwenda asubuhi kama ulivyosema. Muuzaji alinionyesha mmoja wa buluu amekaa kimya pembeni, mviringo kama mpira. "Huyu mtulivu, dada," akaniambia, "hata ukimtukana hajibu." Kwa kweli nilimpenda papo hapo, na mkono ulikuwa tayari kwenye pochi. Ndipo nikalikumbuka koti lako. Nikamuuliza mbona amejivimbisha na sisi tunatoka jasho. Muuzaji akacheka, akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema mjomba wangu. Akasema mjomba wangu anamharibia biashara.

Nilimchukua wa kijani aliyekuwa akichana gazeti lililotandikwa chini ya tundu. Tumemwita Karani, kwa sababu anatikisa kichwa kukubali kila kitu na bado makaratasi yanapotea. Makosa nimeshafanya. Siku ya kwanza nilitia mkono tunduni apande kidoleni, akanichana kwa kucha mpaka damu ikatoka. Sasa nakaa tu karibu naye nikimenya viazi, na jana alisogea mwenyewe hadi kwenye waya kunisikiliza. Majani anayatupa chini, lakini nikiyafunga kwa kibanio cha nguo anayala, nadhani kwa sababu anaona anaiba.

Jambo moja linaniumiza. Mama amehamishia kiti chake upande wa pili wa chumba. Hamtazami. Nilimwomba awe anambadilishia maji mchana kwenye joto, akasema, "Huyo usiniachie mimi." Nikang'ang'ana kumuuliza. Akaniambia kwamba uliwahi kumwachia kanari wako siku tisa, ukarudi ukamkuta amekufa, na ukasema neno mbele ya watu. Nikauliza neno gani. Akasema, "Muulize aliyelisema."

Sasa hilo ni swali, Mjomba. Ulisema nini?

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umemwacha yule wa buluu, ingawa namhurumia. Huku mvua imeanza mapema, na paa la karakana linavuja juu ya mashine ileile iliyokula sikio langu. Sijamharakisha mwanangu alitengeneze.

Karani akichoka na mtama, usimbembeleze kwa mbegu za alizeti. Zina mafuta mengi, na atakuwa mnene asiyeruka. Mtoe tunduni kila siku kwa nusu saa, madirisha yakiwa yamefungwa na kioo cha ukutani kimefunikwa kwa kitambaa. Kucha zake usizikate mwenyewe mpaka mtu akuonyeshe. Ndani kuna mshipa. Ukiona amevimbisha manyoya kutwa, au mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari. Ndege huficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho.

Kanari wangu alikufa kwa uzembe. Nilimwacha mzima, katika tundu jipya, na maagizo niliyaandika kwa mkono wangu. Nilirudi nikakuta boksi la viatu. Sina la kuongeza, na neno nililolisema halina kazi katika barua ya ndege.

Ukiandika tena, niandikie habari za Karani.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima wote watatu, nami naanza na hilo kwa sababu wiki iliyopita tulikaribia kubaki wawili.

Mwenye nyumba alileta mafundi wapake vanishi milango yote ya ghorofa yetu. Hakutuarifu. Mimi nilikuwa kazini. Kulikuwa na upepo wenye vumbi, kwa hiyo mama alikuwa amefunga madirisha. Mafundi wakapaka mlango wetu ndani na nje, wakaenda zao kula. Mama anasema alikuwa anasinzia kwenye kiti chake cha upande wa pili. Aliamshwa na ukimya. Karani alikuwa ameacha kupiga kelele. Alipomtazama, alimkuta chini ya tundu, mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka.

Mjomba, mama hatembei bila fimbo. Aliitupa. Alilibeba tundu kwa mikono miwili hadi barazani, akafungua kila dirisha, kisha akapiga ukuta kwa kisigino cha kiatu mpaka jirani akaja. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika nilimkuta mama amekaa sakafuni, tundu mapajani, analipepea kwa gazeti. Hakuniambia pole wala karibu. Alisema tu, "Harufu hii naijua."

Tulikwenda wote kwa daktari wa mifugo. Ni kijana, lakini kazi yake anaijua. Alituambia kwamba mapafu ya ndege hayafanani na yetu. Huvuta kila kilichomo hewani. Vanishi ambayo haijakauka, ndani ya chumba kilichofungwa, inaua ndege mdogo kwa siku chache, na ikiwa nzito inamuua kwa saa chache. Akasema mtu anaweza kumlisha vizuri, akamnywesha vizuri, na bado akamkuta amekufa.

Mama akamuuliza daktari, "Na vanishi za zamani?" Daktari akasema za zamani zilikuwa kali zaidi.

Usiku huo alikuja mezani nikiandika, akasimama nyuma yangu. Aliniambia nikuandikie yote, nisiache maneno ya daktari. Nimeyaandika kama yalivyo.

Karani anakula tena. Mlango tumeuacha wazi siku tano, na kila anayepita anatusalimia mpaka jikoni.

Mpwa wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naamini ukimya huu si wa ugonjwa. Mwanao aliponipigia simu kuhusu miwani ya mkewe alisema unakula na kulala kama kawaida, ila umekuwa mtu wa kukaa karakana baada ya wenzako kufunga.

Mama hajaniuliza kama umejibu. Lakini tarishi akipita, anafunga bomba la maji asikilize.

Kama nimekukosea, niambie. Kama si mimi, basi usinijibu mimi.

Mpwa wako


21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Hukunikosea. Nami si mgonjwa. Paa limetengenezwa. Hizo ndizo habari za huku. Zilizobaki ni za jambo lenyewe, na utamsomea mama yako bila kuruka mstari.

Barua yako ya Aprili niliisoma nimesimama, kisha nikaiweka kwenye droo ya misumari. Imekaa humo wiki tisa. Mwanzoni nilitafuta mlango wa kuponyokea. Nilijiambia kijana yule wa mifugo hajui vanishi. Nikaenda kwa muuza rangi, mzee kama mimi, aliyeniuzia kwa miaka thelathini. Alinijibu kama daktari wako. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuruhusu ndege dukani, na akashangaa kwamba mimi sikujua.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Nilipata kazi ya siku tisa nje ya mji. Kanari wangu alikuwa katika tundu la zamani la waya, lenye kutu. Nikaona aibu kumpeleka kwa dada yangu katika tundu kama lile, nami ni fundi. Nikamtengenezea jipya la mbao ngumu, lenye milango miwili na droo ya kutolea uchafu, wala sikutumia msumari hata mmoja. Nililipaka vanishi mara tatu. Mkono wa tatu, kama mafundi tunavyouita mpako, niliupaka asubuhi ya safari, kwa sababu wa pili haukuwa umeng'aa kama nilivyotaka. Nikamhamishia ndege humo mchana wa siku ileile, nikampelekea mama yako. Katika maagizo niliandika, nikapigia mstari: dirisha lisifunguliwe, baridi itamuua.

Yeye akafuata maagizo. Ndege akafa siku ya tatu.

Nilirudi. Sikuuliza alikula nini, sikuuliza alikufaje. Nililisifu tundu kichwani mwangu na kumhukumu mtu. Jumapili, ndugu wote wakiwa sebuleni kwa bibi yako, nilisema: "Huyu msimwachie kitu chochote chenye pumzi."

Unajua kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo mama yako alimzika mdogo wako. Mimi nilijua pia nilipolisema. Sitaandika kwamba lilinitoka kwa bahati mbaya. Nilitaka liumize, na liliumiza. Hakunijibu. Alikushika mkono akaondoka, na mimi nikauita ukimya wake kuwa ushahidi.

Kwa miaka ishirini na saba nimelipeleka kosa langu kwenye mlango wa dada yangu. Ndege nilimuua mimi, kwa mkono wa tatu wa vanishi. Neno lile lilikuwa baya hata kama ndege angekufa kwa njaa.

Namwomba msamaha. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimemsomea. Sikuruka mstari, hata pale kwa mdogo wangu.

Alinitaka nirudie sehemu ya dirisha. Nikarudia mara mbili. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hulijui. Miaka yote hii hakuwa amekaa kimya kwa hasira peke yake. Aliamini ni kweli. Siku ya pili ya ndege wako mimi nilipata homa kali, akanipeleka zahanati, akarudi jioni akakuta kikombe cha maji kikavu. Akamjazia. Kesho yake ndege akafa. Kwa hiyo uliposema neno lile, hakuwa na jibu. Alikuwa ameshajiambia hivyo kabla yako. Ananiambia alipokuwa akinilea, alikuwa anaamka usiku kuniwekea kidole puani kuhakikisha napumua, hadi nilipofika miaka tisa. Mimi nilidhani kila mama hufanya hivyo.

Nikamuuliza kama kwa daktari alielewa. "Nilielewa palepale," akasema. "Nilitaka kuona kama atajiambia mwenyewe au atangoja mimi nimwambie."

Nilidhani baada ya hapo atalia, au atacheka, au ataniambia nikujibu kwamba yameisha. Hakufanya hata moja. Alikunja barua yako, akaiweka ndani ya mkoba wake, si wangu. Siku tatu hakuizungumzia. Alinitaka nimsogezee kiti karibu na dirisha, na nilipotoka kazini jana nilimkuta anambishia Karani kuhusu bei ya nyanya.

Leo asubuhi, nikifunga viatu, alinipa jibu lake. Nakuandikia kama alivyolisema:

"Karatasi ni nzuri, lakini haitoshi. Alilisema mbele ya watu. Aje alirudishe kwa mdomo uleule."

Mjomba, nimemuuliza kama hiyo ni kusamehe. Akasema hajui, atajua akikuona.

Chumba changu nitakupisha. Basi la Alhamisi ndilo linalofika kukiwa bado na mwanga.

Mpwa wako


19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako ana haki. Ningedai hivyohivyo kama ningekuwa yeye, na pengine ningedai zaidi.

Nimekata tiketi ya Alhamisi tarehe mbili Agosti. Mwanangu atanipeleka kituoni. Ameniuliza naenda kufanya nini huko kwa umri wangu, nikamwambia, na yeye kwa mara ya kwanza alizima mashine ili anisikie. Nitakaa siku mbili. Nikitakiwa kuondoka siku ileile, nitaondoka siku ileile.

Nina ombi moja. Najua tabia ya watu wenye adabu: nikishafika utakumbuka kwamba sukari imeisha, utashuka ngazi ili utuachie nafasi. Usishuke. Nimehesabu wale waliokuwa sebuleni Jumapili ile. Wengine wamekufa, waliobaki hawakumbuki. Lakini wewe ulikuwepo, umeshika gauni la mama yako, ukinitazama. Hao watu aliowasema mama yako, leo ni wewe. Lazima usikie.

Nimekuwa nikijaribu kulisema peke yangu karakana ikishafungwa. Mkono wangu uliandika, lakini mdomo bado unakwama kwenye sentensi ya kwanza. Kwa hiyo nikishakaa, na chai ikishamiminwa, ukiona nimeanza kuzungumzia mbao au barabara, usinifuate huko. Nikatize. Sema tu, "Mama, Mjomba ana jambo," kisha unyamaze. Lililobaki nitalisema mwenyewe.

Mjomba wako